Mkataba wa mwaka 2039 na sekunde zinazokwisha mwaka 2038

Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja wa mahindi pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, alisaini mkataba wa kupanga ghala kwa miaka 15, kuanzia Julai 1, 2024 hadi Juni 30, 2039. Jioni alinipigia simu, kwa sababu programu anayotumia kutunza hesabu za magunia, wadaiwa na mikataba ilikuwa imeupaka mkataba huo rangi nyekundu siku ileile ulipoingizwa, ikieleza kwamba muda wake umekwisha. Nilipofungua ukurasa wenyewe niliona sehemu ya tarehe ya mwisho imeandikwa 01/01/1970. Tulirudia kuingiza tarehe mara tatu, yeye akizitamka tarakimu kwa sauti na mimi nikibonyeza, na mara zote tatu mashine ilitujibu Januari 1, 1970. Tulipojaribu Desemba 31, 2037, ilikubali bila neno.

Tarehe hizo mbili, ile ya 1970 tuliyoletewa bila kuiomba na ile ya 2037 iliyopita salama, zinatosha kumwelekeza fundi penye ugonjwa. Kwa asiye fundi inabidi kwanza aachane na dhana kwamba ndani ya kompyuta kuna kalenda. Kalenda tunayoiona kwenye kioo ni tafsiri inayofanywa dakika ya mwisho, kwa ajili ya macho yetu. Kinachohifadhiwa, katika mifumo mingi sana, ni namba moja tu: idadi ya sekunde zilizopita tangu mwanzo fulani uliokubaliwa. Mifumo iliyotokana na Unix, ambayo leo imo ndani ya seva nyingi za intaneti na ndani ya simu zetu, huanza kuhesabu saa sita kamili ya usiku wa kuamkia Januari 1, 1970 kwa saa za kimataifa, wakati ambapo kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Kwa hesabu hiyo, usiku wa manane ulioileta Aprili 26, 2018, siku ambayo Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, ni sekunde ya 1,524,690,000. Uhuru wa Tanganyika ulitangulia mwanzo huo, kwa hiyo Desemba 9, 1961 inapoanza kwa saa zetu huandikwa kwa namba hasi, −254,458,800, mfano wa mtu anayeanza mwezi akiwa na deni.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusumbuliwa sana ili akubali kwamba mwanzo wa kuhesabu ni jambo la kuchagua. Saa moja yetu huhesabiwa tangu kulipopambazuka, na saa hiyohiyo kwenye kioo cha simu ni 7, kwa sababu aliyeiunda simu alianza kuhesabu usiku wa manane. Hakuna aliyekosea kati ya hao wawili, ila kila mmoja ameanzia mahali pake, na tofauti ya saa sita hukaa baina yao milele. Siku za juma ni hivyohivyo: majina yetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ina tatu ndani yake, ilhali kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe kinaihesabu Jumatatu kuwa siku ya 1, na lugha nyingi za kuandikia programu huanza na Jumapili na kuipa namba 0. Wazee wa Ugogo nao walikuwa na mwanzo wao: mtu alizaliwa kabla ya Mtunya, au wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na aliyekuwa akisikiliza alijua mara moja mzungumzaji ana umri gani.

Watengenezaji wa kompyuta hawakukubaliana juu ya mwanzo mmoja. Windows hupanga tarehe za mafaili yake kuanzia mwaka 1601, tena kwa vipande vya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Jedwali la Excel huhesabu siku kuanzia Januari 1900, na ndiyo sababu seli ya tarehe ikiharibika muundo hukuonyesha 45292 badala ya Januari 1, 2024. Mpangilio wa FAT, unaotumika kwenye flashi na kadi za kamera, haujui mwaka wowote kabla ya 1980, na mara nyingi picha za harusi zilizopigwa kwa kamera iliyopoteza saa yake hudai kwamba zilipigwa mwaka huo, hata kama bibi harusi hakuwa amezaliwa. Mwaka wa ajabu unapojitokeza kwenye kioo, mara nyingi unakuambia ni mfumo gani ulioshindwa: ukiona 1970, 1980 au 1900, umeonyeshwa sifuri ya mtu fulani.

Sifuri ndiyo iliyotutokea Kibaigwa. Programu ilipopewa Juni 30, 2039 iliomba igeuzwe kuwa sekunde. Sehemu inayofanya kazi hiyo ilishindwa na kujibu kwamba haiwezi. Aliyeiandika programu hakuwahi kufikiria kwamba jibu la namna hiyo lingekuja, kwa hiyo hakulikagua. Na neno la kukataa, likichukuliwa kama namba, ni sifuri, na sifuri ni Januari 1, 1970. Tarehe ile haikuwa tarehe hata kidogo, ilikuwa ni kutokuwepo kwa jibu kulikovikwa nguo za tarehe. Jambo hili tunalo hata kwenye makaratasi: wazee wengi wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa wameandikwa kwamba walizaliwa Januari 1 au Julai 1, kwa sababu karani alikuwa na kisanduku ambacho hakikuruhusiwa kubaki wazi. Tofauti ni kwamba binadamu akiziona Julai 1 hamsini kwenye daftari moja hutabasamu na kuelewa, wakati programu huziamini zote.

Sasa, kwa nini sehemu ile ilishindwa? Hapa ndipo inapoingia habari ya ukubwa wa chombo. Namba ndani ya kompyuta hukaa katika nafasi zinazoitwa biti, kila nafasi ikiwa na 0 au 1, na idadi ya nafasi hizo huamuliwa mapema kama ukubwa wa debe unavyoamuliwa kabla mahindi hayajamiminwa. Nafasi 32 zinatoa michanganyiko 4,294,967,296. Kwa kuwa tunataka pia namba hasi, ili tuweze kuandika miaka iliyotangulia 1970, nusu ya michanganyiko hiyo hutengwa kwa ajili hiyo, na namba kubwa kuliko zote upande wa chanya inabaki kuwa 2,147,483,647. Sekunde hizo ni zaidi kidogo ya miaka 68. Ukizihesabu kutoka mwanzo wa 1970 unafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Dodoma.

Sekunde inayofuata ndiyo yenye vituko. Kompyuta haigomi kuongeza moja. Inaongeza kama kawaida, na kwa kuwa nafasi zote 31 za chini zilikuwa zimejaa, moja hiyo inasukumwa hadi nafasi ya juu kabisa, ambayo kazi yake ni kuonyesha kwamba namba ni hasi. Hesabu iliyokuwa kileleni inaangukia −2,147,483,648, na tafsiri yake kwenye kalenda ni Ijumaa, Desemba 13, 1901, saa tano na dakika 45 usiku kwa saa zetu, wakati ambapo Wajerumani walikuwa hawajaanza hata kuilaza reli ya kati kule Dar es Salaam, kazi iliyoanza mwaka 1905. Mfumo ulioandikwa kwa uangalifu kidogo zaidi, kama ule wa Kibaigwa, huiona hatari na kukataa. Usioandikwa kwa uangalifu hukupeleka 1901 na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa maoni yangu huo wa pili ndio wa kuogopwa.

Ni rahisi kuwacheka waliochagua biti 32, lakini kumbukumbu ya kompyuta wakati ule ilikuwa ghali na kila biti ilihesabiwa. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha mwaka 1971, kilieleza mpango mbaya zaidi: wakati ulihesabiwa kwa sehemu ya sitini ya sekunde, na kwa kasi hiyo biti 32 zingejaa ndani ya miaka miwili na miezi michache. Kuhamia sekunde nzima kulikuwa ndiko kurefusha kamba, na kwa vijana wa mwaka 1971, 2038 ilikuwa mbali kuliko kustaafu kwao.

Ni neno hilo kustaafu linaloonyesha kwa nini si sahihi kusema kwamba tatizo hili linangoja mwaka 2038. Hapa Dodoma, mji uliojaa watumishi wa umma, umri wa kustaafu kwa lazima kwa wengi wao ni miaka 60. Yeyote aliyezaliwa baada ya Januari 19, 1978 atastaafu upande wa pili wa kikomo, na mfumo wowote wa mishahara au mafao unaohesabu tarehe hiyo kwa sekunde za biti 32 unagongana na ukuta siku anapoajiriwa, si siku anapoondoka. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 uliotolewa mwaka 2019 nao umeshauvuka. Dunia ilipata dalili mapema zaidi: Mei 2006, seva zilizotumia programu ya AOLserver zilianza kuanguka kwa sababu zilikuwa zimepangwa kusubiri sekunde bilioni moja kabla ya kukata mawasiliano, namna ya mkato ya kusema zisikate kamwe, na ilipofika Mei 13 ya mwaka huo, sekunde za wakati huo zikijumlishwa na bilioni moja zilizidi chombo.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka kelele za mwaka 2000, na wengi watakuambia kwamba zilikuwa kelele za bure kwa kuwa ndege hazikudondoka. Sikubaliani nao. Kosa lile lilikuwa la aina nyingine, kwani mwaka ulikuwa ukiandikwa kwa tarakimu mbili tu, desturi iliyorithiwa kutoka kadi za kutoboa zenye safu 80, hivyo 00 ilikuwa ndogo kuliko 99 na mtoto wa leo alionekana mkongwe. Mabilioni ya dola yalitumika kulirekebisha kabla ya siku yenyewe, na pale ambapo halikurekebishwa lilidhuru watu. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, programu ya kukadiria uwezekano wa mimba kuwa na tatizo la Down ilikosea kuhesabu umri wa akina mama kuanzia Januari 2000, na hadi kosa lilipogunduliwa mwezi Mei, wanawake zaidi ya 150 walikuwa wamepewa majibu yasiyo sahihi. Hakuna taa iliyozimika wala king'ora kilicholia. Karatasi zilitoka zikiwa safi na zenye namba zinazoaminika.

Isitoshe, sehemu ya matengenezo ya wakati ule ilikuwa kiraka. Badala ya kuongeza tarakimu mbili, baadhi ya mafundi waliiambia programu kwamba miaka ya 00 hadi 19 isomwe kuwa ya karne hii na 20 hadi 99 kuwa ya karne iliyopita. Kiraka hicho kilikuwa na tarehe yake ya kuoza, Januari 1, 2020, na waliokiweka walitumaini kwamba mfumo ungekuwa umeshatupwa. Mifumo haitupwi upesi hivyo. Hata daftari la ghala la Kibaigwa linaendeshwa na programu yenye umri wa miaka zaidi ya kumi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unahesabika kwa kalamu, ni wa Januari 1, 2022. Programu ya barua pepe ya Microsoft Exchange ilikuwa ikizipa kanuni zake za kuchuja barua mbovu namba ya toleo, kwa kubana mwaka, mwezi, siku na tarakimu nne nyingine kuwa namba moja yenye tarakimu kumi. Siku ya mwisho ya mwaka 2021 namba hiyo ilianza na 211231, na namba ya namna hiyo inaenea ndani ya biti 32. Siku iliyofuata ilitoa 2,201,010,001, ambayo inazidi 2,147,483,647, na barua za ofisi nyingi duniani zikakwama kwenye foleni wakati watu wakitakiana heri ya mwaka mpya. Hapakuwa na sekunde wala 1970 katika hesabu hiyo. Chombo kilekile, kikiwa kimejazwa kitu kingine, kilifurika mwaka mwingine.

Debe dogo hujaa upesi zaidi. Setilaiti za GPS zilitangaza namba ya wiki kwa biti 10 tu, yaani wiki 1,024, ambazo ni miaka 19 na ushei. Hesabu ilianza Januari 6, 1980, ikarudi sifuri Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na vipokezi vya zamani vitaiona ikirudi tena Novemba 2038. Chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Deep Impact kilipotea Agosti 2013 baada ya kuhesabu sehemu za kumi za sekunde tangu mwanzo wa mwaka 2000 hadi biti 32 zikajaa. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa kidhibiti cha jenereta kilihesabu sehemu za mia za sekunde na kingefurika baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo.

Si kila kosa la tarehe ni la chombo. Mengine ni ya kanuni, na kanuni inayosahaulika sana ni ya mwaka mrefu: Februari 29, 2024, pampu za kujihudumia katika vituo kadhaa vya mafuta nchini New Zealand ziligoma kupokea malipo kwa sababu siku hiyo haikuwa imetarajiwa. Excel, kwa upande wake, inaamini hadi leo kwamba kulikuwa na Februari 29, 1900, ingawa haikuwapo, maana mwaka unaogawanyika kwa 100 huwa mrefu pale tu unapogawanyika pia kwa 400. Kosa hilo lilirithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili majedwali ya zamani yasivurugike, na kwa kuwa sasa majedwali mengi mno yanalitegemea, limegeuka kuwa sheria.

Mengine hutokana na mahali. Mifumo mingi huhifadhi saa za kimataifa, yaani UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, na huongeza tatu wakati wa kuonyesha. Mtu akilipa saa nane usiku wa kuamkia Julai 1, kwenye UTC bado ni saa tano usiku ya Juni 30. Na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, ripoti iliyosahau kuongeza saa tatu itayaweka malipo hayo katika mwaka uliokwisha kufungwa. Wahasibu hutafuta tofauti ya namna hiyo kwa siku kadhaa, wakati iko yote kati ya saa sita na saa tisa za usiku. Programu zilizopangwa kwa mtindo wa Marekani, zinazotanguliza mwezi, huisoma 9/12 kuwa Septemba 12. Sabasaba na Nanenane zimesalimika na mkanganyiko huo, kwa kuwa 7/7 na 8/8 husomeka sawa kutoka pande zote mbili.

Na kuna lile kosa la bei nafuu ambalo ndilo ninaloitiwa mara nyingi zaidi. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta ya mezani kuna betri bapa mfano wa sarafu, aina ya CR2032, inayoendesha saa wakati umeme umezimwa. Ikifa, kila umeme unapokatika mashine huamka ikiwa katika tarehe iliyowekwa na kiwanda, tuseme Januari 1, 2009, na mtumiaji halalamikii tarehe bali hulalamika kwamba intaneti imekufa. Haijafa. Kivinjari kinakagua cheti cha usalama cha tovuti, kinakuta kwamba cheti kilianza kutumika miaka mingi mbele ya leo yake, na kwa haki kabisa kinakataa kuifungua. Kompyuta iliyounganishwa huweza kujisahihisha kwa kuuliza saa kutoka seva za mtandaoni kwa utaratibu uitwao NTP, ambao nao huhesabu sekunde tangu mwaka 1900 na utaanza duru mpya Februari 7, 2036, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa zetu. Walioubuni waliacha nafasi ya kuhesabu duru, na programu iliyoandikwa vizuri itavuka bila kujikwaa.

Dawa ya 2038 inajulikana, nayo ni kupanua chombo hadi biti 64, ambazo zinatosha kwa miaka bilioni 292 hivi. OpenBSD, mfumo mmoja wa ukoo wa Unix, ilihamia mwaka 2014, hata kwenye mashine za biti 32. Kiini cha Linux, mfumo mwingine wa jamii hiyo, kilikamilisha sehemu kubwa ya kazi hiyo mwaka 2020. Ugumu umebaki pembezoni: kwenye mafaili yaliyokwisha kuandikwa kwa umbo la zamani, kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, na kwenye hifadhidata, ambako mtu huchagua aina ya safu asubuhi moja kisha huishi nayo miaka 20. Katika MySQL, kwa mfano, safu ya TIMESTAMP inaishia palepale Januari 19, 2038, wakati ya DATETIME inafika mwaka 9999.

Kompyuta ya Kibaigwa ni ya biti 64, na hilo ndilo lililomkera mwenyewe zaidi, maana aliambiwa hivyo dukani. Programu yake imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP, toleo la 5, na matoleo hayo yakiwa juu ya Windows hubeba namba nzima za biti 32 hata ukiyaweka kwenye mashine kubwa namna gani. Kuhamia toleo la 7 au zaidi kungetosha kuifanya tarehe ikubalike, ila programu hiyo inategemea maagizo ambayo matoleo mapya yaliyafuta, na kijana aliyeiandika alihama zamani bila kuacha maelezo. Kwa sasa tarehe ya mwisho wa mkataba imeandikwa kwa maneno kwenye sehemu ya maelezo, "tarehe thelathini Juni elfu mbili thelathini na tisa", na pale inapotakiwa tarehe yenyewe tumeingiza Desemba 31, 2037.